Gracia Awauliza Wazima

Katika mtaa wa Rwambuzi, mjini Bunia, asubuhi ilianza kwa kelele za bidoni, madumu ya maji. Mama Denise alizigonga kwa ngumi, moja baada ya nyingine, ili asikie ipi ina maji. Zote zilikuwa tupu. Kisha akaita.

"Gracia! Acha ile kaye. Kaye haiwezi kupika bugali."

"Niko nakuja, Mama."

"Uko nakuja tangu jana!"

Gracia alikuwa na miaka kumi na tisa. Alisomea uuguzi, mwaka wa pili, lakini shule yake ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita. Walimu walikimbia, madirisha yalivunjwa. Gracia alibaki na kaye moja, daftari lake la epidemiolojia, yaani elimu ya namna magonjwa yanavyoenea kati ya watu. Daftari hilo alilijua lote kwa kichwa. Ungemwamsha usingizini angekuambia: tuulize nani anaugua, wapi, na tangu lini. Kulitumia ndiko asikokujua, na hakujua kwamba hajui.

Nyumba ya Mama Denise ilijengwa kwa ajili ya watu saba. Mwaka ule wa 2003 kiwanja chake pamoja na viwanja viwili vya jirani vilibeba watu zaidi ya themanini. Wengi walikuwa wakulima wa Djugu waliokimbia vijiji vyao. Chemchemi ilikuwa mbali, na siku nyingine risasi zililia njiani. Kwa hiyo maji yalitunzwa sana. Maji ya kunawa hayakumwagwa mpaka kila mtu awe amenawa.

Mmoja wa wageni hao alikuwa Mama Alphonsine, mjane kutoka Tchomia, kwenye Ziwa Albert. Alikuwa na watoto watatu na mdomo usioogopa mtu. Aliuza samaki wa kukaushwa kwa moshi katika soko la Mudzipela. Ukimwambia samaki wake ni wadogo, alikujibu kwamba sufuria yako nayo si kubwa.

Jumamosi moja Muzee Mathieu, aliyekuwa amefika kwa miguu siku mbili kabla ya hapo, alianza kuharisha na kutapika. Watu walisema ni uchovu wa safari. Hakuna aliyemwita muuguzi. Kabla jua halijazama, Muzee Mathieu alikuwa amekufa.

Mkwe wake, Hortense, alimwosha pamoja na wanawake wengine. Alifua pia nguo na shuka zake. Jumapili asubuhi walimzika, na mchana watu wakakaa matanga, yaani kilio na chakula cha pamoja. Walikula watu sitini. Mama Alphonsine alitoa vikapu viwili vya samaki bila kuombwa.

Kabla ya kula, beseni la kunawa lilizungushwa kwa heshima, kama desturi ilivyotaka. Alianza Papa Camille, shefu wa mtaa. Wakafuata wazee na wageni, kisha wanaume wengine. Baada yao wakanawa akina mama waliofanya kazi, na watoto wakawa wa mwisho. Beseni lilikuwa moja na maji yalikuwa yaleyale.

Jumatatu jioni watu wanne walianza kuharisha. Jumanne wakaongezeka tisa. Jumatano watano. Alhamisi asubuhi wawili. Walikuwa wagonjwa ishirini, wengi wao watoto. Mtoto mmoja wa kike, mwenye miaka minne, alikufa mikononi mwa mama yake njiani kwenda kituo cha afya.

Hapo hofu ikaingia. Wakati wa vita hofu hutafuta mtu wa kumshika shati. Wengine walisema maji yametiwa sumu. Wengine walimtazama Mama Alphonsine.

Gracia alichukua kalamu na daftari. Aliwaendea wagonjwa wote, na mama wa yule mtoto aliyekufa, akauliza kila mmoja alikula nini matangani. Kumi na sita walijibu kwamba walikula samaki. Kumi na sita kati ya ishirini! Moyo wake ulidunda kwa furaha ya kupata jibu. Alhamisi mchana, mbele ya Papa Camille na watu wote, alisimama na kusema:

"Nimefanya ankete, nimeuliza bagonjwa bote. Bagonjwa kumi na sita balikula samaki. Hii ugonjwa inatoka mu samaki."

Alisema vizuri, kwa sauti ya mwalimu. Papa Camille alikuwa mtu mkubwa, mwenye haki kwa kawaida yake, lakini yule mtoto aliyekufa alikuwa mjukuu wake. Akamgeukia Mama Alphonsine, akampa mpaka Jumapili.

"Mama, siku ya yenga asubuhi utoke hapa na batoto yako. Urudie kwenu Tchomia."

"Shefu, barabara ya Tchomia iko na barieri ya batu ya bunduki. Uko nanituma niende kufa?"

"Hapa pia batu banakufa."

Mama Alphonsine alimtazama Gracia. Hakusema neno. Kwa mtu mwenye mdomo kama wake, kunyamaza kule kulikuwa kubaya kuliko matusi. Gracia alihisi aibu, lakini alijiambia kwamba namba hazidanganyi.

Siku hiyohiyo alikwenda kituo cha afya kumweleza Papa Anselme, muuguzi mkuu. Papa Anselme alikuwa mwembamba na hakuwa amelala vizuri wiki nzima. Alikuwa akichanganya maji ya kuwanywesha wagonjwa: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Vijiko vilikuwa sawasawa, bila kilima juu. Hakuacha kukoroga alipokuwa akisikiliza.

"Ni kolera," alisema, yaani kipindupindu. "Na weye umeshapata mwenye alileta?"

"Ndiyo, Papa. Kumi na sita kati ya makumi mbili balikula samaki."

"Vizuri. Na bazima?"

"Bazima gani?"

"Batu sitini balikula. Makumi mbili banagonjwa. Makumi ine habagonjwe. Balikula nini, bale makumi ine?"

Gracia alifungua daftari, akalifunga. Hakuwa amewauliza. Hata wazo la kuwauliza halikumpitia. Mtu mzima ana nini cha kumwambia muuguzi?

"Kama karibu kila mutu alikula samaki," Papa Anselme aliendelea, "basi karibu kila mugonjwa alikula samaki. Na karibu kila muzima pia. Balikula pia bugali. Balivaa pia nguo. Utasema ni nguo njo inaleta kolera?"

"Hapana."

"Basi uliza bote. Linganisha. Kati ya benye balikula samaki, bangapi baligonjwa? Kati ya benye habakukula, bangapi? Kama samaki njo mubaya, benye habakukula batakuwa bazima. Kama si vile, tafuta kitu ingine."

"Papa," Gracia alisema, "nilishasema jina yake mbele ya batu. Bako namufukuza siku ya yenga."

Papa Anselme aliacha kukoroga.

"Basi uko na siku mbili. Usibaki hapa kulia, kimbia."

Gracia alikimbia. Kwanza aliandika nani atamhesabu kuwa mgonjwa, ili asihesabu leo hivi na kesho vile. Aliandika: mtu yeyote aliyekula matanga, kisha akaharisha maji mara tatu au zaidi kwa siku moja, kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi. Halafu alichora mistari. Jina, umri, siku ya kuanza kuugua. Samaki, ndiyo au hapana. Siku zote mbili alikwenda mlango kwa mlango.

Haikuwa kazi tamu. Wazima hawapendi kuulizwa.

"Miye niko muzuri, mutoto," alisema mzee mmoja. "Nenda kwa bagonjwa."

"Juu uko muzuri njo nakuuliza, Muzee."

"Ulishasema ni samaki. Sasa uko nageuka?"

"Ndiyo. Niligeuza maneno vibaya, sasa niko naigeuza tena. Ulikula samaki?"

"Vipande mbili. Na kichwa."

Mzee akacheka. Gracia hakucheka, aliandika.

Jumamosi alingoja nje ya kanisa la Waadventista. Familia tatu za Waadventista zilikula matanga, watu kumi na wawili, na samaki wa Mama Alphonsine walikuwa wale wasio na magamba. Waadventista hawali samaki wa namna hiyo. Walikula bugali na sombe tu, yaani majani ya muhogo. Gracia aliuliza mmoja mmoja. Kati ya hao kumi na wawili, wanne waliugua.

Alikaa chini palepale, juu ya jiwe, akafanya hesabu. Waliokula samaki walikuwa arobaini na wanane. Kumi na sita waliugua. Hiyo ni mmoja kwa kila watatu. Wasiokula samaki walikuwa kumi na wawili. Wanne waliugua. Hiyo pia ni mmoja kwa kila watatu. Samaki au bila samaki, ilikuwa sawasawa kabisa.

Gracia alifunika uso wake kwa daftari. Mama Alphonsine hakuwa na kosa, na ni yeye, Gracia, aliyemweka pale kwa nusu ya hesabu. Alikasirika sana, na hasira ile yote ilikuwa juu yake mwenyewe. Kisha akainuka. Kujua kwamba si samaki hakukutosha. Shefu angemwuliza: kama si samaki, ni nini?

Alirudi kwa Papa Anselme na karatasi zake. Alizitandaza juu ya meza.

"Ona siku," alisema muuguzi. "Bote balianza karibu pamoja. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, halafu kidogo-kidogo inaisha. Inamaanisha nini?"

"Bote balikamata ugonjwa siku moja, fasi moja. Ni ile matanga. Kolera inaweza kungoja saa kidogo tu ao mpaka siku tano mbele ya kuonekana."

"Sawa. Sasa ona batu. Nani anagonjwa sana?"

"Batoto. Na bamama. Shefu na bazee, karibu hakuna." Kidole cha Gracia kilishuka kwenye orodha. "Na ule Rachidi wa machimbo na benzake, hata moja. Nao balikula samaki mingi."

"Kwa nini? Usinijibu miye. Uliza yeye."

Rachidi alikuwa mchimba dhahabu, Mwislamu, aliyekimbia machimbo. Gracia alimkuta akishona viatu vyake.

"Kaka Rachidi, siku ya matanga mulikaa wapi?"

"Pembeni, ku mukeka yetu. Batu kumi na mbili. Siye ine, na bajirani benye balikosa nafasi."

"Mulikula sawa na bengine?"

"Sawa kabisa."

"Maji ya kunywa?"

"Ileile."

Gracia aliandika. Rachidi alichukua birika lake ili anawe kwa ajili ya sala. Alimimina maji kwa mkono mmoja, akanawa kwa mwingine. Maji machafu yalianguka chini na hayakurudi mkononi.

"Kaka," Gracia alisema polepole, "siku ile mulinawa mu beseni?"

"Beseni? Hapana. Miye sipendi kunawa mu maji ya mutu. Nilibamwangia bote kumi na mbili na hii birika."

Gracia alirudi mbio kwa watu wale wale sitini. Safari hii aliuliza swali moja tu: ulinawa wapi, na baada ya nani? Watu walikumbuka vizuri, kwa sababu mambo ya heshima hayasahauliki. Walionawa kwa birika la Rachidi walikuwa kumi na wawili. Hakuna aliyeugua. Walionawa kwanza katika beseni, shefu, wazee, wageni na wanaume, walikuwa kumi na wanane. Waliugua wawili. Walionawa mwisho, akina mama na watoto, walikuwa thelathini. Waliugua kumi na wanane.

Nyumba ya mwisho aliyoingia ilikuwa ya Hortense. Alikuwa akimwuguza mwanawe. Aliposikia swali, aliweka kikombe chini.

"Nilitoka kufua shuka ya bakwe," alisema. "Savoni haikuwa. Nilinawa mu ile beseni nyuma ya babaume. Kisha batoto. Gracia, ni miye niliua batoto?"

Gracia alikaa karibu naye.

"Hukujua, Mama Hortense. Hakuna mwenye alijua."

"Lakini miye sikugonjwa!"

"Kolera iko vile. Mutu anaweza kuibeba na asisikie kitu. Na si weye peke yako ulimwosha Muzee."

"Kesho utasema jina yangu?"

Gracia alikumbuka Alhamisi, sauti yake nzuri ya mwalimu, na Mama Alphonsine aliyenyamaza. "Jina ya mutu haitatoka tena mu kinywa yangu," alisema.

Jumapili asubuhi watu walikusanyika. Mama Alphonsine alikuwa ameshafunga godoro lake kwa kamba. Watoto wake watatu walikaa juu yake, wamevaa nguo zote walizokuwa nazo. Gracia alisimama.

"Siku ya ine, ile Alhamisi, nilisema ni samaki. Nilidanganyika. Niliuliza bagonjwa, sikuuliza bazima. Mama Alphonsine hana kosa. Kosa ni yangu."

Watu walinong'ona. Gracia aliwaeleza kwamba kolera huweza kungoja mpaka siku tano kabla ya kuonekana, kisha akaeleza hesabu zake polepole, kwa mawe aliyoyapanga chini, jiwe moja kwa kila mtu, ili hata asiyesoma aone. Aliweka mawe ya waliokula samaki na ya wasiokula. Kisha mawe ya birika, ya mwanzo wa beseni, na ya mwisho wa beseni. Kwa kila mgonjwa aliweka jani juu ya jiwe. Fungu la birika halikuwa na jani hata moja. Fungu la mwisho wa beseni lilikuwa limejaa majani.

Papa Camille aliyatazama mawe yale kwa muda mrefu.

"Nani alitia ugonjwa mu beseni?" aliuliza. "Sema jina."

Hortense aliinamisha kichwa.

"Shefu, sina jina," Gracia alijibu. "Niko na beseni. Tusitafute mutu ya kufukuza, tutafute njia ya ugonjwa, tuifunge. Mukifukuza mutu, beseni itabaki hapa, na kesho tutanawa tena ndani."

"Ile ni heshima ya bankambo, ya bababu yetu. Mukubwa ananawa kwanza."

"Anawe kwanza, Shefu. Lakini bamumwangie, maji ianguke chini. Na savoni, na kama savoni haiko, majivu. Mutoto wa mwisho apate maji safi sawa na weye."

Papa Camille aliinama. Alikuwa akilitazama jiwe moja dogo lenye jani, pembeni ya mengine.

"Siku tano," alisema mwishoni. "Weye ulisema kolera inangoja siku tano. Basi na siye tutangoja. Mama Alphonsine abaki siku tano. Tuone kama maneno yako ni ya kweli."

Kazi ikaanza siku hiyohiyo. Beseni liliondolewa. Rachidi alitoboa makopo na kuyatundika mlangoni pa kila choo, maji yatiririke kidogo kidogo. Mama Denise alisimamia majivu kama askari, na hakuna aliyempita bila kunawa. Papa Anselme alileta dawa ya klorini ya kutia katika bidoni. Alifundisha namna ya kufua nguo za mgonjwa mbali na watu.

Jumanne mama mmoja aliugua. Kelele zikaanza tena. "Munaona? Samaki!"

Gracia hakuogopa. Alikwenda kuuliza. Mama yule hakuwa kwenye matanga hata kidogo, siku ile alikuwa Mudzipela. Hakula samaki. Lakini mtoto wake alikuwa mmoja wa wale ishirini, naye alimwuguza usiku na mchana bila sabuni. Ugonjwa ulikuwa umetoka kwa mtoto kwenda kwa mama. Siku hiyo Gracia aligawa kipande cha sabuni kwa kila nyumba yenye mgonjwa, na akakaa kuona wakinawa.

Jumatano hakuna aliyeugua. Alhamisi pia hakuna. Ijumaa watoto watano walirudi kutoka kituo cha afya, wamekonda lakini wanalia njaa, na kilio cha njaa kiliwafurahisha mama zao. Yule mama wa Jumanne alikuwa anakaa na kunywa uji.

Ijumaa hiyo jioni watu walikula pamoja. Papa Camille alishika kopo la maji. Watu walingoja anawe, lakini akawaita watoto. Aliwamwagia mmoja mmoja, na kuwaambia wasugue katikati ya vidole. Machozi yalimtoka mbele ya watu wote. Alipomaliza, alimwita Mama Alphonsine, akammwagia na yeye.

"Ubaki, Mama," alisema. "Nilikosa."

Mama Alphonsine alinawa taratibu sana, kama mtu asiye na haraka ya kusamehe. Kisha akaenda kwenye godoro lake. Lilikuwa bado limefungwa kamba, siku tano nzima. Gracia alimfuata.

"Mama, nisamehe."

"Niko bado na kasirani juu yako," alisema Mama Alphonsine. "Kubwa sana. Kamata upande ule."

Gracia alishika upande ule. Wakalibeba godoro pamoja, wakaliingiza ndani ya nyumba, wakalifungua.